Wadudu Wangu na Unga wa Maulidi

Mdudu ninayemwogopa kuliko wote haumi wala hachomi, na urefu wake ni kama nusu ya punje ya mchele. Nimefundisha somo la viumbe kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeshika nge kwa koleo mbele ya darasa, nimepasua vyura na panya, nimemtoa nyoka ofisini kwa mwalimu mkuu wakati wanaume wazima wamepanda juu ya meza. Lakini nikifunua kopo la unga nikamwona huyu mwekundu anatambaa ukingoni, hulifunika upesi nikatoka jikoni, mpaka leo. Wanangu hunicheka. Wacheke tu, hawakuwapo.

Tulikuwa tukikaa Wawi, Pemba, katika ile miaka ya mwisho ya Mwingereza, siasa ilipokuwa imeingia mpaka jikoni. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi waligawika pande mbili. Mtu wa upande huu haendi mazikoni kwa mtu wa upande ule, na sisi watoto tulijua nani wa kumwamkia na nani wa kumpita kimya, ingawa hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Mama alikuwa kaolewa Unguja na mume wa pili. Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, mjane mwenye nyumba ya sakafu ya saruji na ulimi mkali kuliko kisu chake. Nilikuwa na miaka tisa.

Bibi hakupika unga kabla ya kuuchekecha. Alikaa kizingitini asubuhi, mwanga ukimjia kwa mbele, akatikisa chekeche mpaka unga wote ukashuka na juu zikabaki pumba, nyuzi za gunia, na wadudu wadogo wenye rangi ya kutu. Aliwakung'uta uani kwa kuku, nami nikawaokota kabla kuku hawajafika. Ukimgusa mmoja, hukunja miguu chini ya tumbo akakauka. Ukisubiri, na mimi nilikuwa na subira kubwa kwa mambo yasiyo na faida, papasi moja, ule unywele wa kichwani, hutikisika, halafu mguu, halafu huyo anakwenda zake. Tulimwita kifaurongo. Wakubwa jina hilo walimpa yule mweusi mkubwa wa chini ya magogo, ambaye naye hujifanya maiti akiguswa. Sisi watoto tulimpa na huyu mdogo bila ya ruhusa ya mtu. Baadaye sana nilisoma kwamba hatukukosea. Wote wawili ni wa ukoo mmoja, ukoo wa wadudu wapendao giza, na huyu wa unga naye asili yake ni chini ya maganda ya miti na ndani ya magogo yaliyooza, kabla binadamu hajamjengea ghala.

Niliwafuga katika kopo tupu la maziwa, nikalifunga mdomo kwa kipande cha kanga kuukuu. Humo nilijifunza peke yangu mambo ambayo baadaye nililipwa mshahara kuyafundisha. Mayai yao sikuyaona kamwe, kwa sababu yananata, na unga huyaganda yakafanana na unga. Niliyaona mabuu, membamba, ya rangi ya samli, yenye vijimkia viwili nyuma, yakivua ngozi mara baada ya mara. Halafu buu huacha kula, hulala, huwa kitu cheupe kilicho uchi, hakina hata kifuko cha kujisitiri, na baada ya siku chache hutoka mdudu mzima. Kwa joto la kwetu, mwezi mmoja na siku kidogo unatosha kutoka yai mpaka mzazi. Na mzazi mwenyewe haendi upesi. Anaweza kuuona mwaka ukizunguka, akitaga siku baada ya siku.

Niliwawekea maji katika kifuniko, wakazama wanne, ndipo nikajua hawana haja nayo. Maji yao wanayapata ndani ya unga ule ule mkavu. Niliwapa mchele mzima, wakakonda. Meno yao hayawezi punje isiyovunjika. Hungoja fukusi atoboe au mchi uponde, ndipo waje wao, kama jirani aliyesikia harufu ya pilau. Kitu kimoja kilinisikitisha: walipokuwa wengi kopo likawabana, walianza kula mayai yao na wale weupe waliolala. Na nikilitikisa kopo likiwa limejaa hivyo, hutoka harufu kali, ya kuwasha pua, inayofanana na dawa ya vidonda ya hospitali. Hiyo niliijua vizuri. Hakuna mtu mwengine Wawi aliyeijua kama mimi, na hapo ndipo penye kisa.

Bibi alilikuta kopo chini ya kitanda changu wakati anafagia. Alilifungua akarudi nyuma.

"We ntoto una wazimu? Nyumba ya watu wasalio, weye wafuga wadudu! Nikirudi kisimani nisiwaone. Tia motoni wote!"

Nililia. Hakugeuka. Alipotoka na ndoo, nilisimama na kopo langu mbele ya jiko, nikautazama moto, na sikuweza.

Sasa, katika chumba cha ndani cha bibi palikuwa na pipa la bati lenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na unga wa ngano wa Maulidi. Kila mwaka, kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wanawake wa mtaa walichanga unga, kila nyumba pishi mbili, wa kupikia mandazi ya siku hiyo. Waliununua mapema, kwa kuwa msimu wa karafuu ukianza wachumaji humiminika na maduka hubaki matupu. Uliwekwa kwa bibi kwa sababu ya ile sakafu ya saruji isiyopandisha unyevu, na kwa sababu, pamoja na ulimi wake wote, hapakuwa na mtu asiyemwamini. Mwaka ule lilikuwa jambo kubwa zaidi. Maulidi ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho pande mbili zilifanya pamoja. Bibi alijivunia hilo, akalirudia kila siku, kwamba siasa imeshindwa kuingia katika pipa lake.

Nikaufunua mfuniko nikawamimina humo. Walikuwa kama thelathini hivi, na unga ulikuwa mwingi kama nini, nikasema nani atawaona. Nitawatoa kwa chekeche kabla ya siku yenyewe. Kopo nikalisugua kwa majivu, nikalirudisha mahali pake likiwa safi. Bibi alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma kwa utiifu wangu.

Baadaye karafuu zikawiva, na sisi watoto tukawa tunashinda mashambani kuokota zilizodondoka. Nakuapia, nilisahau. Watu husema mtoto hasahau kosa lake, lakini mimi nilisahau kabisa, karibu miezi miwili.

Bibi alikuwa na desturi ya kwao, ambayo mimi mwenyewe naifuata mpaka sasa: alifunga konzi ya karafuu kavu katika kitambaa akaiweka juu ya unga, ili wadudu wasiingie. Na kweli, karafuu huwakimbiza. Ila hawa walikuwa wamo ndani tayari, na karafuu iko juu, kwa hiyo walikimbilia chini. Huko chini wakazaana gizani, wakabanana, wakamwaga ule ukali wao siku baada ya siku. Juu unga ulibaki mweupe, unanukia karafuu. Kila bibi alipofunua kutazama, alifunika akiwa ameridhika.

Pipa lilifunguliwa Jumanne asubuhi, wiki moja kabla ya Maulidi. Walikuja wanawake wapata kumi na watano na machekeche yao na sinia, wa upande wetu wamekaa huku na wa upande ule kule, lakini wamekuja. Bibi aliingiza kibaba akateka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne akasita. Unga uliotoka ulikuwa na rangi ya waridi iliyochujuka, umeshikana mabonge mabonge, na harufu ikapanda iliyowafanya wote wazibe pua kwa kanga. Mimi nilikuwa mlangoni. Harufu ilipofika puani kwangu, niliitambua, nikashika mwimo.

Lazima mtu aelewe: kila mmoja wa wanawake wale alimjua mdudu wa unga. Lakini unga wa nyumba zetu haukuwa ukikaa. Ulinunuliwa asubuhi, jioni umeliwa. Hakuna aliyewahi kuona wadudu hawa wameachiwa pipa zima kwa miezi miwili, wala aliyejua kwamba wakiwa wengi mno wanaweza kuugeuza unga rangi.

Walikimimina kibaba kile juu ya sinia, wakakitikisa. Wadudu wakatoka, mamia, wote wamekunja miguu, wamekauka, hakuna hata mmoja anayecheza. Mabuu yalikuwa yamejificha ndani ya mabonge. Kisha mwanamke mmoja wa upande wetu akasema neno ambalo lilifanya kila kitu kiwe vile kilivyokuwa.

"Hata wadudu wamekufa."

"Sumu!"

"Juu mweupe, chini mwekundu. Huno si uchafu, huno ntu kauchanganya makusudi."

Mmoja akachukua konzi akairusha uani. Kuku alikuja mbio, akadonoa mara moja, akatikisa kichwa, akafuta mdomo mchangani, akaondoka. Niliwaona wanawake wanatazamana. Kwao kuku alikuwa ameshatoa hukumu.

Niliinama juu ya sinia. Mdudu mmoja pembeni alikuwa ameshaanza kutikisa papasi. "Huyu yu hai," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Bibi, yu hai huyu, atembea."

"Nyamaza, wakubwa wanasema," bibi alinifokea bila ya kunitazama, na mtu akaifunika sinia kwa ungo. Chini ya ungo ule, najua, wote walikuwa wanaamka. Walifunika pipa pia, wakalifunga kamba, wakasema lisiguswe mpaka Maalimu aje.

Lawama ikatafuta mahali pa kutua, na haikuchukua muda. Kulikuwa na jirani yetu, mwanamke aliyeachwa na mumewe, fundi wa kushona kofia, mpole, ambaye alikuwa wa upande ule. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuleta unga wake. Siku hiyo bibi alikuwa anasali, kwa hiyo aliingia chumbani akaumimina kwa mkono wake mwenyewe. Sasa hilo likakumbukwa, na hakuna aliyeuliza mbona unga wake ndio uliokuwa juu. Kikulacho ki nguoni mwako, wakasema wa upande wetu. Wa upande wake walimtetea kwanza kwa kelele, kisha kwa sauti ndogo, kisha wakawa wanasema lisemwalo lipo. Yeye alisimama katikati ya uani, mikono imening'inia, akarudia, "Miye? Miye nimtilie nani sumu? Si nilikuwa niyale mandazi na miye?" Alimtazama bibi. Bibi alisema hajui, kila mtu na Mola wake.

Alasiri ile Maalimu, aliyetusomesha sote Kurani chuoni, alikuja akanusa pipa, kisha akatoa uamuzi. Ijumaa baada ya sala ya alasiri itasomwa Halbadiri. Aliyefanya ana siku tatu za kujitokeza mwenyewe na kuomba radhi. Asipojitokeza, basi.

Hakuwa na haja ya kueleza hiyo "basi". Kila mtoto wa Pemba aliijua. Katika kisomo cha Halbadiri husomwa majina ya watu wa Badri, waliopigana vita pamoja na Mtume, ubani ukiwaka, na kwa baraka zao huombwa mwovu aumbuke. Tuliambiwa habari za mwizi wa ng'ombe aliyevimba tumbo mpaka likapasuka, na mwanamke aliyekauka ulimi katikati ya sentensi. Nilikuwa nazipenda sana habari hizo, maana siku zote zilikuwa zinampata mtu mwengine.

Sijui namna ya kuieleza hofu ya siku tatu zile kwa mtu aliyekua na taa za umeme na madaktari. Sikuogopa kupigwa. Bakora naijua, ina mwanzo na mwisho. Niliogopa tumbo langu. Jumatano asubuhi lilinguruma na mimi nikajua limeanza. Nililipima kwa uzi niliouchomoa katika jamvi, nikafunga fundo, nikawa naenda chooni kila mara kulipima tena, na kila nikila uzi haufiki, nikatoka jasho. Basi nikaacha kula. Bibi alidhani homa, akanikanda kwa majani. Chuoni Maalimu alinitaka nisome sura ambayo naijua tangu nina miaka sita. Ulimi ukawa mzito, nikafikiri, umekauka, umekauka, na nikajikojolea mbele ya wenzangu. Hakuna aliyecheka. Mtaa mzima ulikuwa na hofu, na nadhani walioniona walidhani nami naogopa kama wao.

Kusema nilikusudia kusema. Jumatano jioni nilikwenda mpaka nyumbani kwa yule fundi wa kofia. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa chini na kofia mapajani, sindano mkononi, hashoni. Alikuwa analitazama tumbo lake mwenyewe, amelishika kwa viganja vyote viwili. Nilipoliona lile nikafahamu kwamba na yeye anangoja kuvimba, hali hana kosa, na nikakimbia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu nilikuwa nimemdunga mwengine.

Alkhamisi mchana sikuweza tena. Bibi alikuwa jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, kopo, moto, pipa, harufu, kwamba wale wadudu hawakuwa wamekufa bali ndiyo tabia yao. Aliendelea kukuna mpaka nikafika katikati, kisha mkono ukasimama.

"Nani mwengine ajua?"

"Hakuna."

"Umemwambia ntu chuoni? Wenzio?"

"Sijamwambia ntu, Bibi."

Alikiweka kifuu chini. Nilikuwa nangoja kofi, na ningelipokea kwa shukurani. "Basi usimwambie ntu," alisema. "Wakijua ni weye hawatasema ntoto kacheza. Watasema tumekutuma. Watasema upande wetu umetia najisi katika Maulidi ya Mtume, na pipa liko kwangu, ufunguo wa nyumba ninao miye. Watatutilia moto nyumba hino na sisi tumo ndani."

"Na Halbadiri, Bibi? Nitakufa?"

"Hufi."

"Nitavimba?"

"Weye kalamu yako haijaandika. Hujabaleghe. Ntoto hana dhambi, haikupati."

"Kweli, Bibi?"

"Nenda kateke maji," alisema, na sauti yake haikuwa sauti ya mtu aliyetulia.

Sikumwamini. Niliona ananibembeleza tu, kama anavyobembelezwa mbuzi wa sadaka. Usingizi sikuupata, na kwa mara ya kwanza maishani nilimchukia bibi yangu, kwa kuwa niliona amenitoa kafara.

Ijumaa wanaume walikaa barazani kwa Maalimu na sisi wanawake tukajaa uani, nyuma ya pazia la makuti. Waliochanga wote walitakiwa wawepo. Fundi wa kofia alikaa peke yake. Paliachwa nafasi kumzunguka, ya kutosha watu watatu. Bibi aliniweka ubavuni mwake, akanishika mkono. Ubani ukaanza. Majina yakaanza, moja baada ya jingine, na baada ya kila kundi la majina sisi tunaitikia. Nilifumba macho nikaanza kuhesabu viungo vyangu: mguu upo, mguu upo, ulimi upo. Jasho lilinitiririka mgongoni. Mtoto mchanga alilia mahali fulani na watu wakashtuka wote kwa pamoja.

Kisha Maalimu akafika penye dua. Alisema kwa Kiswahili, makusudi, ili kila mtu afahamu. Aliyetia mkono wake katika unga huu kwa ubaya, Mola amdhihirishe. "Amin," tukasema. Aliyemtuma, Mola amdhihirishe. "Amin." Na aliyejua, akanyamaza, akamwacha asiye na kosa abebe, naye Mola amdhihirishe.

Mkono wa bibi ulinibana mpaka mifupa ikalia. Nilifumbua macho nikamtazama. Midomo yake ilikuwa imepauka na anapumua kwa shida, kama amepanda kilima na mzigo. Alikuwa ananong'ona shahada, haraka haraka, mfululizo, kama wanavyosomewa watu wanaokata roho. Nami hapo ndipo nilipofahamu, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba alichoniambia jikoni kilikuwa kweli. Mimi sikuwa na kitu cha kuogopa. Dua ilikuwa inamtafuta yeye, na alikuwa amejua hivyo tangu jana, akaja, akakaa.

"Amin," bibi alisema, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hakuanguka mtu. Maalimu alifunga kitabu. Watu walikaa kidogo wakitazamana nyuso, halafu wakaanza kuinuka, na wanaume wakaenda kuchimba shimo nyuma ya migomba, wakalifukia pipa na vyote vilivyomo. Tulipofika nyumbani, bibi alifunga mlango, akakaa kitandani, akavuta kanga kichwani ikamwacha uso wazi.

"Nitizame vizuri," aliniambia. "Uso wangu sawa? Haujavimba?"

"Haujavimba, Bibi."

"Na mdomo haukwenda upande?"

"Upo sawa."

Siku saba aliniita hivyo, kila asubuhi, kabla hajatoka nje kuonekana na watu. Chakula alikula peke yake, sahani yake mbali na yangu, na hakuniruhusu kulala karibu yake. Alikuwa anaogopa kwamba litakapomfika lisinipitie na mimi. Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye nguvu, ambaye sikuwahi kumwona anaogopa hata radi.

Kama mtu yeyote alifikiri kwamba kutoanguka kwa yule fundi wa kofia kutamsafisha, hakuwajua watu wetu. Walisema kajifunga, kenda kwa mganga kabla ya Ijumaa, ndiyo maana Halbadiri haikumpata. Maulidi yakasomwa mawili mwaka ule, kila upande kwake, na hakuna hata upande mmoja uliomwalika. Kofia zake hazikununuliwa tena. Kabla ya mvua za vuli alihamia Shumba kwa kaka yake, na alipopita kuaga, bibi alijifungia ndani akanituma niseme kalala. Nilisema kalala. Yule mwanamke alinishika kichwa akaniombea dua nikue niwe na elimu.

Elimu nikaipata. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi Wawi na kitabu chenye picha za wadudu, na siku moja nilikaa na bibi, macho yake yameshaingia ukungu, nikamfafanulia kila kitu. Nilimweleza habari za tezi zinazotoa ule ukali, na jinsi unavyogeuza rangi ya unga. Nilimwambia karafuu zake ndizo zilizowasukuma chini, kwamba kuku alikataa kwa sababu ya ukali ule, na kwamba kufa kwao ni hila ya kumpumbaza adui. Nilisema kwa bidii, nadhani kwa majivuno pia. Nilitaka kumtua mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Kwa hivyo sumu haikuwamo," alisema.

"Haikuwamo, Bibi."

"Na yule mwanamke hakufanya kitu."

"Hakufanya kitu."

"Hilo nililijua bila ya kitabu," alisema. Akageuza uso ukutani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kalamu yangu ilikuwa imeshaanza kuandika siku nyingi. Yule mwanamke alikuwa bado yu hai, na kutoka Wawi mpaka Shumba ni safari ya asubuhi moja kwa gari la abiria. Nilisema nitakwenda Jumapili kumwomba radhi. Fundi wa kofia aliishi miaka tisa zaidi, na sikwenda.